MLINZI WA AMANI KATIKA KATA: SIFA, WAJIBU NA MIPAKA YA MADARAKA YAKE

Somo kutoka Ifakara na Bonde la Kilombero

Raia walio wengi hawakutani na Serikali katika ukumbi wa Bunge wala wa Baraza la Wawakilishi. Hukutana nayo mlangoni pao, siku anapowafikia mtu aliyepewa uwezo wa kuwauliza, kuwapekua au kuwakamata. Namna mtu huyo anavyobisha hodi, anavyosema na anavyoandika ndiyo picha ya Serikali inayobaki katika nyoyo zao kwa miaka mingi. Hapa Visiwani, mtu wa mwanzo kuitwa pakitokea tatizo katika mtaa ni Sheha. Tanzania Bara, nafasi hiyo inashikwa na Afisa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Mtendaji wa Kata, wakisaidiwa na askari mgambo na askari wa Jeshi la Polisi.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza watumishi na wananchi kazi ya msimamizi wa sheria katika ngazi hiyo ya chini, sifa anazotakiwa kuwa nazo, na mahali ambapo madaraka yake yanakoma. Mfano uliochaguliwa ni Bonde la Kilombero katika Mkoa wa Morogoro, kwa kuwa huko mambo mengi yanayompa mtihani mtumishi wa aina hii yamekutana pahala pamoja. Aidha, Jeshi la Polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Askari anayefanya kazi Ifakara leo anaweza kupangiwa Wete au Makunduchi kesho, na sheria ya nidhamu inayomwongoza ni moja.

MAHALI PENYEWE

Bonde la Kilombero limelala baina ya Milima ya Udzungwa kwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge kwa upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero hupita katikati yake, na unapokutana na Mto Luwegu ndipo unapoanza Mto Rufiji. Wakati wa masika sehemu kubwa ya bonde hufunikwa na maji, na maji yanapoondoka huacha udongo mzuri kwa mpunga na majani mazuri kwa malisho. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Mji mkuu wa Wilaya ya Kilombero ni Ifakara. Reli ya TAZARA inapita hapo, na daraja kubwa la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, limeuunganisha mji huo na Wilaya za Ulanga na Malinyi, ambako zamani watu walivuka kwa kivuko. Wenyeji wa bonde ni Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga na wengineo. Kwa miaka mingi sasa wamehamia pia wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarbaig pamoja na mifugo yao. Yapo mashamba ya mpunga, ya miwa na ya misaji, na yapo maeneo yaliyohifadhiwa kwa ajili ya wanyamapori. Ardhi moja inatakiwa na watu wengi, na kila mmoja anaamini kuwa ana haki. Katika mahali kama hapa, kosa dogo la mtumishi mmoja linaweza kuzaa ugomvi wa vijiji viwili.

ASILI YA CHEO

Cheo cha mtu wa Serikali kijijini si kipya. Wakati wa utawala wa Wajerumani kazi hiyo ilifanywa na maakida na majumbe. Akida alikusanya kodi, alisimamia kazi za lazima, alikamata, alihukumu na aliadhibu, yote kwa mkono wake mmoja. Chuki iliyotokana na utaratibu huo ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji, na mwezi Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, jirani na bonde hili. Waingereza waliwatumia machifu wa makabila. Baada ya Uhuru, mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na mahala pao pakashikwa na watumishi wanaowajibika kwa Serikali na kwa wananchi. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 ndizo zilizoweka msingi wa halmashauri za vijiji na kamati za kata zinazojulikana sasa.

Historia hiyo inafundisha jambo moja. Tatizo la akida halikuwa ukali wake peke yake. Tatizo lilikuwa kwamba mkamataji, mwamuzi na mtoza faini alikuwa mtu yule yule, na mnyonge hakuwa na pengine pa kukimbilia.

MADARAKA YALIYOGAWANYWA

Katika sehemu nyingi za Marekani, kila kaunti huwa na sherifu anayechaguliwa na wapigakura. Yeye huongoza askari wa doria, hupeleka hati za mahakama na mara nyingi husimamia pia jela ya kaunti. Tanzania imefuata njia nyengine. Hakuna mtu mmoja mwenye kazi zote hizo, bali zimegawanywa kama ifuatavyo:

(a) Afisa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata ni watumishi wa kuajiriwa. Husimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, na kisheria hutambulikana kuwa ni walinzi wa amani.

(b) Askari mgambo ni raia waliopata mafunzo ya ulinzi. Jeshi la Mgambo lilienea nchini baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na sheria ya mwaka 1975 iliwapa wanamgambo walio kazini uwezo wa kukamata.

(c) Askari polisi hupeleleza makosa, hukamata na huwafikisha watuhumiwa mahakamani. Katika miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limewapanga Wakaguzi katika kata ili wawe karibu na wananchi.

(d) Askari wa wanyamapori, wakiwemo wa vijiji, hulinda maeneo ya hifadhi.

(e) Baraza la Kata, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, hupatanisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni usuluhishi, si kutoa hukumu.

(f) Mahakama peke yake ndiyo inayotamka kuwa mtu ana hatia.

Mgawanyo huu wakati mwengine huonekana kuwa ni usumbufu. Mtendaji huuliza kwa nini asimalize jambo mwenyewe, ilhali anawajua wahusika wote na kosa limetendeka mbele ya macho yake. Jawabu ni kuwa mgawanyo huo ndio kinga ya raia, na ni kinga ya mtendaji mwenyewe pia, kwani hukumu ikilaumiwa hailaumiwi mkono wake.

SIFA ZINAZOTAKIWA

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, matangazo ya ajira ya halmashauri hutaka raia wa Tanzania aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na kupata Astashahada katika fani kama vile Utawala, Sheria, Usimamizi wa Fedha au Maendeleo ya Jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo chengine kinachotambuliwa na Serikali.

Kwa mwombaji wa nafasi ya askari polisi, matangazo ya miaka ya karibuni yametaka elimu ya sekondari, umri wa ujana, afya njema na urefu usiopungua futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Mwombaji asiwe na kumbukumbu ya uhalifu, asiwe ametumia dawa za kulevya, na awe tayari kufanya kazi popote nchini. Anayekubaliwa hupelekwa kwenye mafunzo ya awali katika Shule ya Polisi, Moshi.

Hizo ni sifa zinazopimwa kwa vyeti na kwa futi. Zipo sifa nyengine ambazo hazipimwi hivyo, nazo ndizo zinazoamua kama mtumishi atafaa:

1. Uadilifu. Madaraka ni amana. Aliyekabidhiwa amana hana ruhusa ya kuitumia kwa manufaa yake.

2. Insafu. Mkulima na mfugaji, mwenyeji na mhamiaji, tajiri na fukara, wote wasikilizwe kwa muda ule ule na kwa sauti ile ile.

3. Subira. Mtu mwenye hasira hawezi kumtuliza mtu mwenye hasira.

4. Kuandika. Jambo lisiloandikwa siku ya tukio hubishaniwa siku ya kesi.

5. Kuijua sheria, hasa sehemu inayosema asifanye nini.

MIPAKA YA KUKAMATA

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaeleza namna ya kuitekeleza misingi hiyo. Kwa ufupi, kila msimamizi wa sheria anatakiwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, anayekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa kwake. Nguvu itumike kwa kadiri tu inayohitajika, na anayekubali kwenda kwa khiari asiburutwe.

Pili, mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa kuchunga staha.

Tatu, raia au mtendaji aliyemkamata mtu amkabidhi polisi bila ya kuchelewa. Ofisi ya kata si kituo cha polisi, na stoo ya kijiji si mahabusu.

Nne, muda wa msingi wa kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi wa polisi ni saa 4, na kuongezwa kwake kuna utaratibu maalumu.

Tano, iwapo haiwezekani kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kuliangalia shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Dhamana ya polisi haitozwi fedha.

Hata viongozi wa juu wamewekewa mpaka. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikwe kwa muda usiozidi saa 48, pale tu panapokuwa na hatari kwa amani, na sababu zake ziandikwe na kupelekwa kwa hakimu. Anayeutumia uwezo huo vibaya anaweza naye kushitakiwa.

Ieleweke kwamba katika bonde lenye mafuriko na vijiji vya mbali, saa 24 ni chache. Barabara ikikatika, mtuhumiwa kutoka kijiji cha mwisho anaweza kuchelewa njiani. Hata hivyo, shida ya usafiri haimpi mtendaji ruhusa ya kufanya atakavyo. Inamtaka aandike saa aliyomkamata mtu, saa aliyotoa taarifa polisi, na sababu ya kuchelewa.

MFANO WA KAZI: NG'OMBE NDANI YA MPUNGA

Na uchukuliwe mfano wa jambo ambalo hutokea mara kwa mara katika nchi ya wakulima na wafugaji. Mkulima anafika ofisini alfajiri na kusema kuwa kundi la ng'ombe limelala ndani ya shamba lake la mpunga. Nyuma yake wapo vijana wenye mapanga. Upande wa pili wa shamba wapo vijana wa mfugaji wenye fimbo na mikuki. Mtendaji afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kupokea malalamiko na kuyaandika, pamoja na tarehe na saa, kisha kutoa taarifa polisi iwapo dalili za mapigano zipo. Kuwataka watu wasubiri mpaka mwenyekiti arudi safari si jawabu.

Hatua ya pili ni kufika shambani, akifuatana na mtaalamu wa kilimo na wa mifugo, na kuwaita wahusika wa pande zote mbili. Hasara ipimwe mbele yao. Pia ukaguliwe mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, ikiwa upo, ili ijulikane kama pale ni shamba, ni malisho au ni njia ya mifugo.

Hatua ya tatu ni ya hadhari kubwa. Iwapo ng'ombe watazuiliwa, wahesabiwe mbele ya mwenyewe au mwakilishi wake, idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na pande zote zitie saini. Wapewe maji na malisho, maana mnyama hana kosa. Hatua hii ikirukwa, hesabu hugeuka kuwa ugomvi mpya. Mfugaji atasema walichukuliwa ng'ombe 40, daftari litasema 37, na kuanzia hapo shauri si la mpunga tena, bali ni la ng'ombe 3 wasioonekana. Mkulima naye atasahaulika, na fidia yake itapotea katikati ya mabishano.

Hatua ya nne ni usuluhishi. Wahusika wanaweza kukubaliana juu ya fidia, na makubaliano yao yaandikwe. Fidia ni haki ya aliyeharibiwa mazao, na haina fungu la mtendaji wala la mgambo. Ikiwa sheria ndogo ya halmashauri imeweka faini, faini hiyo itozwe kwa kiwango kilichoandikwa na kwa stakabadhi halali ya Serikali. Fedha isiyokuwa na stakabadhi, kwa jina lolote itakaloitwa, ni dhulma.

Hatua ya tano ni ya jinai. Kama mtu amejeruhiwa, au mifugo imeingizwa shambani kwa makusudi, au ng'ombe wamekatwa mapanga, jambo hilo si la kumalizwa ofisini. Majeruhi apewe fomu ya polisi namba 3 na apelekwe hospitali, na watuhumiwa wakabidhiwe polisi.

Mtendaji anayefuata hatua hizi huenda asishangiliwe na upande wowote siku ile. Lakini msimu utakaofuata, pande zote mbili zitarudi ofisini kwake badala ya kwenda kutafuta silaha.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Mwezi Januari 2006, wafanyabiashara 3 wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva 1 wa teksi, waliuawa Dar es Salaam baada ya kukamatwa na polisi. Mwanzo ilielezwa kuwa walikuwa majambazi. Tume iliyoundwa na Rais, chini ya Jaji Mussa Kipenka, ilionesha kuwa hawakuwa majambazi. Askari kadhaa walishitakiwa. Mahakama Kuu iliwaachia huru mwaka 2009, lakini mwezi Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja kwa mauaji na kumhukumu adhabu ya kifo. Watu hao 4 hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Lau wangefikishwa, maswali machache tu yangetosha kuuonesha ukweli.

Mwishoni mwa mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo iliyozidi katika Bonde la Kilombero, kwa lengo la kuokoa ardhi oevu. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 2013, ilianza Operesheni Tokomeza, iliyokuwa ya nchi nzima dhidi ya ujangili. Lengo la operesheni hiyo lilikuwa jema, kwani tembo walikuwa wakiuawa kwa wingi. Hata hivyo, malalamiko ya watu kupigwa, kudhalilishwa na kupoteza maisha yalifika Bungeni, operesheni ikasitishwa, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri 4 waliondoka madarakani baada ya Kamati ya Bunge kutoa taarifa yake. Waliolalamikiwa kwa vitendo hivyo ni watekelezaji huko vijijini na maporini, lakini dhamana ya kisiasa ilipanda hadi juu. Lengo jema haliihalalishi njia mbaya, na ujangili nao ulifaidika kwa kule kusimama kwa operesheni.

WAJIBU WA RAIA

Msimamizi wa sheria hawezi kufanya kazi peke yake. Katiba inamtaka kila mtu kuzitii sheria na kuzilinda. Raia anayeitwa kutoa ushahidi aende. Anayemkamata mwizi asimpige wala kumchoma moto, bali amkabidhi kwa polisi, kwani anayemuua mwizi naye ni muuaji. Anayetozwa fedha adai stakabadhi. Anayeonewa alalamike kwa ngazi ya juu ya aliyemwonea: kutoka kijiji kwenda kata, kutoka kata kwa Mkurugenzi wa Halmashauri au kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Iwapo ameombwa rushwa, aende katika ofisi ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Hapa Visiwani mahali pa kupeleka shauri la rushwa ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi.

HITIMISHO

Akida wa zamani alikuwa na madaraka yasiyokuwa na ukingo, na wananchi walimwendea kwa khofu au hawakumwendea kabisa. Mlinzi wa amani wa leo amepewa madaraka machache yenye mpaka unaojulikana, ili mkulima wa Ifakara na mfugaji wa Malinyi waweze kumwendea wote wawili bila ya khofu. Kwa hivyo, mtumishi anayepewa kazi hii, iwe Bara au Visiwani, ajiulize kila anapomshika mtu mkono: amemweleza sababu? Ameandika saa? Atamkabidhi kwa nani, na lini? Akiwa na jawabu la maswali hayo matatu, amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya wajibu wake. Akikosa jawabu la hata moja, basi na asimame kwanza, aulize wakubwa wake wa kazi, kabla hajaendelea mbele.